Toleo Kamili

Mimi kazi yangu ni maboksi. Msinicheke. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye kiwanda cha kadibodi, nakata, nakunja, nagandisha, na kama umewahi kununua viatu au balbu, huenda kidole changu kimepita pale kwenye kona. Siku ya kwanza kazini msimamizi aliniwekea kadibodi mezani akaniuliza, "Ndani kinakaa nini?" Nikamwambia sijui. Alinifokea mpaka masikio yakaniuma. Hukati boksi, aliniambia, kabla hujajua ndani kinakaa nini: urefu wake, uzito wake, kama kinavunjika. Boksi la mayai thelathini linaingia mayai thelathini. Yakiwa ishirini na tisa, mtu atarudi dukani kugombana, na ana haki.

Sasa mtu kama mimi ukimuuzia boksi ambalo ndani hamna kitu, unategemea akufanyeje?

Ngoja nianze vizuri, maana nikishikwa na hasira narukaruka.

Dada yangu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, ni mkaguzi wa mizani. Ndiye anayeingia dukani na mawe yake ya kupimia kwenye sanduku la mbao, akaipima mizani ya mwenye duka. Ikiwa sawa anaigonga muhuri, ikiwa inaiba anaifungia. Wauza nyama walikuwa wakimwona mwanzo wa mtaa, habari inafika mwisho wa mtaa kabla yake. Halafu shemeji, mume wake, akafariki. Miaka miwili sasa. Dada akaomba likizo ya mwezi mmoja, mwezi ukazaa mwezi, mpaka ofisini kwake wakachoka kupiga simu. Akajifungia. Mapazia chini mchana kweupe. Ukimtembelea anakupa kiti vizuri, halafu anakaa kimya mpaka mwenyewe unaona haya unaaga. Haendi harusini, haendi msibani, sokoni anaagiza. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa mlangoni kwake, nacho ni gemu.

Ndiyo, gemu. Ana miaka arobaini na sita, na ukimkuta kwenye *Walinzi wa Lango* akiwa na upinde mkononi, utakimbia. Tuliinunua miaka kumi na mbili iliyopita, nusu yangu nusu yake, diski moja ndani ya boksi moja. Kuna walinzi wawili humo: Mwenye Upanga, huyo ni mimi, na Mwenye Upinde, huyo ni dada, na tangu siku ya kwanza hakuna aliyethubutu kumgusa wa mwenzake. Watu wanauliza, gemu moja miaka kumi na mbili? Kwani wewe karata unacheza miaka mingapi?

Kila nyumba ina mashine yake, lakini boksi ni moja, kwa hiyo tukajiwekea sheria. Wiki kwako, wiki kwangu. Aliye nalo ndiye anayelipeleka, Jumamosi, kwa miguu yake, mkono kwa mkono. Hakuna kutuma mtu. Na ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha maelekezo, vile vijitabu vya zamani vyenye kurasa nyeupe mwishoni za kuandika mambo yako. Kila tukikabidhiana tunaandika tarehe, tumefika wapi, na tusi moja la heshima. Shemeji, ambaye hakujua upinde wala fagio, alijipa cheo cha shahidi. Kila mstari aliutia sahihi na kuongeza uchokozi wake. Kurasa zilipojaa nikakata nyingine kiwandani, nikazibana kwa pini, mpaka kijitabu kikanenepa na boksi likawa halifungiki bila mpira.

Shemeji alipoondoka, nafasi ya shahidi ikabaki wazi, lakini sheria ikabaki palepale. Jumamosi moja naenda mimi, Jumamosi inayofuata anakuja yeye. Alikuwa anakuja! Anakunywa chai, anamtania mke wangu, anabishana na mimi kuhusu daraja la lango la tatu, siku nyingine anacheka kabisa. Baada ya hapo anarudi kwenye mapazia yake. Mke wangu aliniambia siku moja, "Hilo boksi likikoma, wifi ndiyo basi." Nami nilijua hivyohivyo, na lilikuwa linaninyima raha, kwa sababu diski ilikuwa imechoka. Imejaa mikwaruzo. Ukifika darajani picha inaganda, unazima, unaanza upya. Mara ya mwisho dada aliponikabidhi alisema, "Ikikwama tena, mdogo wangu, mimi nimeishia hapo." Alisema kwa sauti ya mtu anayetafuta sababu.

Kwa hiyo Ijumaa nilipotoka kazini nikalipitia boksi nyumbani, nikaenda nalo kwa Tabasamu.

Tabasamu ana duka la gemu, na pembeni anapokea vifurushi vya watu wanaotuma mizigo. Tunamwita hivyo kwa sababu hata ukimwambia duka lako linaungua atakuonyesha meno. Nikamweleza shida yangu. Akafurahi kama amesikia nimepata mtoto. "Bahati yako! Wameitoa upya." Akanishushia boksi kutoka rafu ya juu, jeusi, herufi za dhahabu: *Walinzi wa Lango*, na chini yake TOLEO KAMILI. Akasema nikimwachia la zamani atanipunguzia bei, ila liwe na vitu vyake vyote: boksi, diski na kijitabu.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga, na nitausema wote. Nilimpa. Na kijitabu nikampa. Nilikuwa nimelishika lile jipya, naligeuza, natazama mkunjo wa kona, gundi haijavuja hata tone, nikajiambia boksi zuri namna hii lazima lina kijitabu kizuri, kurasa nyeupe, mimi na dada tutaanza upya. Mtu wa kiwanda cha nguo asingekosea hivyo, angelitikisa kwanza. Mimi miaka yote nimejua kwamba boksi lililotengenezwa vizuri lina kitu ndani. Mwandiko wa shemeji haukunijia kichwani kabisa. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikafika nyumbani, nikamwita mke wangu aje ashuhudie, nikalifungua.

Hamna.

Hamna diski, hamna kijitabu. Kuna kikaratasi kidogo kuliko tiketi, kina namba ndefu na maneno "pakua kwenye mashine yako." Na lile duara la plastiki la kushikia diski lipo! Wameliweka, na vijino vyake vyote, liko pale linashika hewa. Mke wangu akachungulia akasema, "Labda imejificha." Mimi nilikuwa nawaza yule fundi mwenzangu, popote alipo, aliyeulizwa ndani kinakaa nini, akajibiwa hakuna kitu, naye akakata. Kakata kwa kipimo cha diski! Wee, mtu gani huyo? Analala vipi?

Nikasema basi, labda mimi ndiye mshamba, nikaziingiza zile namba. Saa tano mfululizo inapakua. Intaneti ya wiki nzima ikateketea. Asubuhi ya Jumamosi gemu ikafunguka, na kwenye ukurasa wa kwanza wakatokea walinzi wawili. Mwenye Upanga anang'aa, yuko tayari. Mwenye Upinde yuko kijivu, kifuani amewekewa kufuli, na chini ya kufuli bei. "Nyongeza," wanaiita. Ati nyongeza! Dada yangu ni nyongeza! Miaka kumi na mbili alikuwa ndani ya gemu kwa bei ileile, leo wamemtoa, wamemfungia, wananiuzia tena, na juu ya boksi wameandika KAMILI kwa dhahabu. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamjibu kwa kugonga.

Halafu nikaliona jambo lenyewe, hasira ikageuka hofu. Zile namba zikishatumika zimetumika. Gemu imekaa kwenye mashine yangu, kwa jina langu. Haiazimiki. Haikabidhiki. Leo Jumamosi, zamu yangu kupeleka, na sina cha kupeleka. Na Jumamosi ijayo dada hatakuwa na cha kuleta.

Nikalichukua lile boksi la hewa, nikaenda.

Dada alinifungulia akiwa na kanga ya nyumbani na soksi. Sebule giza, runinga imezimwa, mashine yake ya gemu imefunikwa kitambaa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikamfungulia boksi aone duara la plastiki. Nilitaka akasirike na mimi. Hakukasirika. Alilitazama, akalifunga taratibu, akanirudishia.

"Basi, mdogo wangu," akasema. "Umejitahidi. Cheza wewe."

"Nitakuletea mashine yangu, Dada. Naibeba kila Jumamosi."

"Uibebe ya nini? Na mimi nije nayo mgongoni? Miguu yangu yenyewe haitaki kutoka humu. Acha, yameisha." Akasogea kwenda kufunga mlango, na mimi bado niko ndani.

Mimi ndiye niliyemtoa dada yangu duniani, kwa mikono yangu, na punguzo la bei nikapewa. Nikawa nalia kwa hasira kama mtoto, sijui nishike nini.

Akiwa ameshika kitasa akauliza, bila kunitazama, "Kijitabu unacho wewe?"

Nikaligeuza lile boksi tupu mkononi.

"Nakuuliza. Kijitabu."

"Kiko dukani. Alikitaka pamoja na boksi."

Aligeuka. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nikiwa na miaka saba nilipovunja saa ya baba. "Umeuza maneno ya mume wangu?"

"Dada, sikufikiri..."

"Hukufikiri! Kichwa ulikibeba cha nini, cha kuwekea kofia? Unauza maneno ya marehemu ili uletewe plastiki?" Sauti ilikuwa inapanda. Miaka miwili sikuwa nimeisikia hivyo. "Na huyo muuzaji, kijitabu kimejaa mwandiko wa watu, kimebanwa pini, anakipokea anakenua tu? Hebu lete hilo boksi." Akalinyakua, akalipeleka dirishani, akavuta pazia. Akavuta lote, mwanga ukajaa mpaka tukapepesa macho. "Kamili. Wameandika kamili. Na mimi nauzwa kando? Bei gani?"

Nikamtajia.

"Ala! Nimekuwa kiungo cha mchuzi, anayenitaka aongezee? Ngoja nivae viatu."

Nilibaki nimesimama nikiogopa hata kupumua, asije akabadili mawazo. Alitoka amevaa viatu vyake vyeusi vya kazini, vile vya kufunga kamba. Alinipita mlangoni. Njia nzima nilimfuata mimi nyuma, nahema, naye anasema peke yake, watu wanatupisha.

Dukani kulikuwa na mama mmoja anatuma kifurushi na vijana wawili wanachagua gemu. Tabasamu akatuonyesha meno yote. Dada hakusalimia. Aliliweka lile boksi jeusi juu ya mizani ya vifurushi, ile iliyoko kaunta. Mshale ukatikisika kidogo ukatulia.

"Soma," akamwambia.

"Mama, hii ni mizani ya mizigo..."

"Najua mizani ni nini. Soma uzito, wateja wako wasikie."

Akasoma. Dada akainua macho kwenye rafu ya vitu vilivyotumika, na hapo nami nikaliona: boksi letu la kahawia, limenenepa, limefungwa mpira wake, tayari lina kibandiko cha bei. Akaelekeza kidole. Tabasamu akalileta. Dada akaliweka mahali pa lile jingine, mshale ukaruka mara tatu ya pale. Mama wa kifurushi akasema, "Loo."

"Hili la zamani linauzwa rahisi na lina kitu," dada akasema. "Hili jipya linauzwa ghali na ni hewa. Nieleze, mwanangu. Taratibu, mimi ni mzito wa kuelewa."

"Siku hizi ndivyo ilivyo, mama, dunia nzima. Mteja hanunui diski. Ananunua ruhusa ya kucheza."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na kampuni siku ikifunga mitambo yake, mdogo wangu hapa anabaki na nini?"

Tabasamu akafikiri kidogo. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kufikiri jambo hilo. "Anabaki na... boksi."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akalirudisha boksi alilokuwa ameshika, jeusi vilevile la dhahabu, baada ya kulitikisa kwanza sikioni. Mwenzake naye akatikisa lake. Mimi sikuweza kuvumilia, nikamwambia Tabasamu yote niliyokuwa nayo moyoni tangu Ijumaa: kwamba amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba ameniuzia mbuzi kwenye gunia na mbuzi mwenyewe hayumo, kwamba mimi nikipeleka boksi tupu kwa mteja nafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Akasema si yeye aliyetengeneza. Nikamwambia lakini ni wewe uliyekenua. Kwa mara ya kwanza nikaona midomo yake ikifunika meno.

Dada hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinama kwenye mizani, anafuta vumbi ubavuni kwa kidole gumba. Kulikuwa na kibati kidogo cha muhuri.

"Huu muhuri umekwisha muda," akasema.

"Mkaguzi hajapita, mama. Miaka miwili sasa. Alikuwepo mmoja mama mkali sana, sijui alihamishwa..." Alitazama kibati, akamtazama dada, akatazama viatu vyeusi. Nikaona jasho linamtoka kwenye pua. "Mama, hili boksi la zamani chukua tu. Bure kabisa. Na mdogo wako nitamrudishia kidogo..."

"Bei yake imeandikwa hapa," dada akasema, akafungua pochi. "Nitalipa kama ilivyo. Sichukui kitu cha bure kwenye duka nitakalolikagua Jumatatu."

Akalipa. Akaomba risiti, na risiti akaisoma mpaka mwisho. La dhahabu akaliacha palepale juu ya mizani, nami sikulirudia.

Nje, kwenye ngazi ya duka, akakaa. Nikakaa naye. Akatoa mpira, akafungua boksi. Diski ipo na mikwaruzo yake, kijitabu kipo. Alikifunua nyuma, akapita kurasa zetu za karibuni zenye nafasi ya shahidi wazi, Jumamosi hadi Jumamosi, mpaka akaufikia mstari wa mwisho wa shemeji. Aliuandika akiwa tayari mgonjwa, herufi zimelala. Nami nilikuwa nimeusahau. Uliandikwa hivi: "Mimi shahidi nathibitisha kwamba mke wangu amecheza usiku wa manane, tena kwa siri, akidhani nimelala. Akatazwe."

Dada alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakawa machozi tu, bila kicheko, akaegemeza kichwa begani kwangu palepale ngazini, watu wanapita. Nami nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Alipomaliza akajifuta kwa kiganja, akanyoosha mkono kwangu. "Kalamu."

Mimi natembea na kalamu ya kuchorea kadibodi. Akaandika tarehe. Akaandika: "Limerudi. Aliyeliuza ni mpumbavu, lakini ni wetu." Nafasi ya shahidi akaiacha kama ilivyo, akafunga kijitabu, akafunga boksi, akazungusha mpira.

"Darajani itakwama tu," nikamwambia. "Diski ni ileile."

"Ikikwama nitazima nianze upya. Leo ulitakiwa kunikabidhi wewe. Nimekabidhiwa." Akasimama, akalibana boksi kwapani. "Jumamosi ijayo naleta mimi. Na mwambie wifi Jumatatu asinipigie simu asubuhi, nitakuwa kazini."

Akashuka ngazi. Baada ya hatua chache akasimama, akageuka kunitazama.

"Lile sanduku langu la mawe limepasuka pembeni," akasema. "Nitengenezee la kadibodi la kushikilia mpaka seremala apatikane. Unaweza?"

Nikamuuliza, "Ndani kinakaa nini?"

Akanitajia mawe yote, moja moja, kwa uzito wake.